Namna ya Kukataa Chapati Bila Kufukuzwa Ukooni

Kama ni lazima uugue ugonjwa wa ngano, ugulie Meru au Embu. Ndizi za Nkubu, Kanyakine na Mitunguu zinajaza malori. Nduma zinamea kando ya vijito vinavyoteremka kutoka mlimani. Mtama na mawele yapo Tharaka na Mbeere, ndengu zipo Ishiara kwa magunia, na ukitoka Embu mjini kuelekea Kirinyaga, kabla hujamaliza mazungumzo na jirani yako katika matatu umeshakuta mchele wa Mwea umepangwa kando ya barabara. Vyote hivyo havina gluteni. Babu wa babu yako angeweza kuwa na ugonjwa huu akazeeka nao, akala mukimo wake, akanywa uji wake wa wimbi, akazikwa bila mtu kujua. Bahati mbaya wewe umezaliwa baada ya chapati.

Ndiyo maana mwongozo huu haufundishi kupika. Chakula kipo na kinajulikana. Kinachohitaji kufundishwa ni kukataa, kwa sababu ngano huku kwetu ni chakula cha mgeni, cha Krismasi, cha harusi na cha siku ya wazazi shuleni. Nduma hupewa mtu wa nyumbani. Chapati hupewa anayeheshimiwa, na mwenye kuikataa atafute maneno mapema.

Anza kwa kutibiwa taifodi. Hili halikwepeki. Ingia kliniki yoyote kati ya Maua na Kiritiri, sema tumbo linajaa, unaharisha na umekonda. Utatolewa damu, na kabla kiti hakijapata joto utakuwa na taifodi. Dawa zikiisha na tumbo likabaki vilevile, utakuwa na amiba. Baada ya amiba huja vidonda vya tumbo, na baada ya vidonda huja jirani mwenye mwarobaini. Usikasirike. Taifodi na amiba zipo kweli, na mhudumu anaanza na kinachoonekana kila siku. Ila kipimo cha Widal, kinachotumika sana, kina sifa ya kuona taifodi hata isipokuwepo. Vumilia mpaka utakapompata mtu atakayekuuliza swali la ajabu: ukila chapati, unajisikiaje?

Ukishaulizwa hivyo, utahitaji kuelewa kidogo ili nawe uwaeleze wengine, maana utaeleza maisha yako yote. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la unga livutike bila kukatika. Kwa hiyo kadiri chapati inavyokuwa laini na ya kusifiwa, ndivyo ilivyo adui yako mkubwa. Kwa mwenye siliaki, ndilo jina la huu ugonjwa wa ngano, askari wa mwili huona gluteni ni mvamizi, na katika kupambana nayo wanaugeukia utumbo wenyewe. Vile vinyweleo vidogo vya utumbo mwembamba, vinavyofyonza chakula, vinalala chini kama shamba la mahindi lililopitiwa na ndovu. Unakula vizuri na mwili haupati kitu. Wengine wanaharisha, wengine tumbo liko salama kabisa, ila wana upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, au mifupa dhaifu, au mtoto harefuki. Inakadiriwa kwamba duniani mtu 1 katika kila 100 anao ugonjwa huu, na wengi wao hawajui. Ni wa kurithi kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ukiugua wewe, ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe. Hapo ndipo utakapoonekana umeleta laana.

Nitoke kwenye mzaha kwa jambo moja: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza ukiwa unakula gluteni, na kikionyesha dalili, daktari wa tumbo hupitisha kamera kooni akachukua vipande vidogo vya utumbo vikaangaliwe kwa hadubini. Ukiwa umeacha ngano miezi kadhaa kwa ushauri wa rafiki, askari wamelala, vinyweleo vimeanza kuinuka, na kipimo kinaweza kusema huna kitu. Utarudishwa kwenye taifodi.

Majibu yakithibitisha, utaambiwa hakuna dawa: ni kuacha gluteni, maisha yote. Watu wa mijini hulia wakisikia hivyo. Wewe jiambie kwamba kuna wakati ambapo tiba mashuhuri ya ugonjwa huu ilikuwa ndizi. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba watoto wenye siliaki walipata nafuu wakilishwa ndizi nyingi, na kwa miaka mingi wazazi wa Marekani walihangaika kutafuta kitu ambacho Imenti Kusini hupewa mbuzi kikizidi. Haas aliamini ndizi yenyewe ndiyo dawa. Kumbe watoto walipona kwa sababu walipokula ndizi hawakula mkate. Aliyefumbua fumbo ni Mholanzi, Willem Karel Dicke, daktari wa watoto aliyekuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita. Katika baa la njaa la Uholanzi la 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, wagonjwa wake walinawiri wakati watoto wengine wakidhoofika; mkate uliporudi, nao wakarudi kitandani. Akaandika tasnifu yake mwaka 1950. Hadithi hii ihifadhi vizuri, utaihitaji kwa shangazi.

Sasa twende kwa shangazi.

Umefika, umesalimia, umekaa. Sahani inakuja imefunikwa na nyingine, na unajua kwa harufu tu kilichomo. Usiseme umeshiba; hakuna aliyewahi kushiba Meru kwa sababu tu amesema ameshiba. Usiseme hujisikii vizuri. Utaletewa chai kwanza, kisha chapati. Sema ukweli, uone.

“Shangazi, daktari amenikataza ngano.”

“Ngano? Mwanangu, ngano ni ile inalimwa Timau. Hii ni unga wa dukani.”

Hapa usicheke. Shangazi ametaja jambo la kweli: mabega ya kaskazini ya mlima, kuanzia Kisima hadi Timau, ni mashamba makubwa ya ngano na shayiri, na ukipita barabara ya Nanyuki kuja Meru msimu wa mavuno utayaona yamegeuka rangi ya dhahabu. Mlima mmoja, upande huu unakulisha, upande ule unakuumiza. Mweleze taratibu kwamba ile ya Timau ikisagwa ndiyo hii ya dukani. Atakusikiliza, atatikisa kichwa, kisha atauliza swali lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo, na atauliza kwa sauti ya chini: “Au kuna kitu umeambiwa juu yangu?”

Hilo ndilo shimo lenyewe. Kwetu, asiyekula chakula cha mtu ana sababu, na sababu inayojulikana zaidi ni kwamba anaogopa kutiliwa kitu. Unaweza kuwa na cheti cha maabara mfukoni chenye mhuri. Chapati ikibaki kwenye sahani, imeshatoa ushahidi dhidi ya mwenye nyumba. Dawa yake ni moja: kula kitu kingine chake, haraka, hadharani, na kwa wingi. Omba ndizi. Omba githeri ya jana, na uitaje hivyo hivyo, ya jana. Hakuna mtu anayemwogopa mwenzake akaomba kiporo chake. Shangazi ataona haya kumpa mgeni kiporo, lakini moyo utatulia.

Njia ya pili, ambayo wengi huikimbilia na ambayo nakuonya nayo, ni kujificha nyuma ya ugonjwa wenye heshima. Huku kwetu sukari na presha zina heshima. Ukisema una sukari, watu wanashusha sauti, wanakuondolea soda, wanakuhadithia ya marehemu mjomba. Siliaki haina marehemu yeyote anayejulikana, kwa hiyo haiaminiki. Basi unajiambia: nitasema ni kama sukari, ila ni ya ngano. Inaingia vizuri. Kila mtu anaelewa. Wiki inayofuata mama mkwe anakuita akiwa na furaha, amefunga safari hadi mjini kwa ajili yako, na mbele yako anaweka chapati nyeusi nyeusi, nene, zenye makapi.

“Kula bila wasiwasi. Hizi ni za brauni. Hata daktari anazikubali.”

Unga wa brauni ni ngano nzima pamoja na maganda yake. Umeondolewa kisu ukapewa panga. Na sasa huna pa kutokea, maana amekupikia wewe peke yako, kwa pesa yake, kwa sababu ya uongo wako. Anayetumia njia hii anastahili kinachompata.

Kuhusu neno “kidogo”. Utalisikia kila mahali: kidogo tu haidhuru, onja kidogo, nimeweka unga kidogo tu kwenye mchuzi ushike. Jifunze hesabu hii uitoe kama mstari wa Biblia. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu 2 hivi. Kiasi ambacho wataalamu wanaona wengi wenye siliaki wanaweza kukimudu kwa siku ni kama miligramu 10. Chukua basi kile kipande cha mkate, kigawe mara 200, na ule sehemu moja. Hicho ndicho kidogo chako. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuandikwa kwamba hakina gluteni nacho ni kutozidi miligramu 20 katika kilo nzima. Kwa hiyo unga uliobaki kwenye kitambaa cha kufutia meza unatosha kukuharibia siku, na kipande cha chapati alichochovya binamu yako katika bakuli la ndengu mnalokula pamoja kimeshalifanya bakuli lote kuwa lake.

Ukiwa na hesabu hiyo kichwani, nenda kwenye mashine ya kusaga. Hapa ndipo wengi huangukia, kwa sababu wamenunua wimbi safi Gakoromone, wamelipepeta wenyewe, wametoa mawe moja moja, halafu wanalipeleka kwenye mashine ambayo dakika tano zilizopita ilikuwa ikisaga unga wa uji wa mtoto wa mtu. Na unga wa uji wa siku hizi ni mkutano wa hadhara: wimbi, mtama, muhogo mkavu, soya, njugu, wakati mwingine omena, na karibu kila mara kuna mama aliyeambiwa aongeze ngano ili mtoto apate nguvu. Mashine haifui tumbo lake kati ya mteja na mteja. Ukitazama chini ya mfuko ule wa kitambaa unaponing’inia, utaona unga wa watu watatu umeshikana na wa wanne.

Kwa hiyo fika alfajiri, uwe wa kwanza, na ubebe kilo moja ya mahindi ya bei rahisi. Mwambie mwenye mashine aisage hiyo kwanza. Hiyo ni ya kuku. Kisha ndipo wimbi lako liingie. Mwenye mashine atadhani umetumwa na mganga, na kwa kweli itakusaidia akiendelea kudhani hivyo, kwa sababu masharti ya mganga hayajadiliwi na mtu, ila ya daktari kila mmoja ana maoni. Usiporidhika, kuna kinu na mchi. Mikono itauma, lakini mchi haujawahi kusaga ngano ya jirani bila wewe kujua.

Hotelini ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani, mradi usiagize kwa jina la chakula. Agiza kwa historia yake. Chipsi ni viazi na mafuta, hazina shida. Lakini karai hilo asubuhi lilikuwa la mandazi, saa nne la sambusa, na mafuta ni yale yale. Bhajia zatakiwa kuwa za unga wa dengu, na wapo wanaochanganya na ngano ili unga uende mbali. Soseji na smoki nyingi zina chengachenga za ngano ndani, karatasi yake inasema ukiisoma. Nyama choma kwa chumvi haina neno, kachumbari haina neno, ugali hauna neno. Mchuzi ndio wa kuulizia. Muulize mhudumu kama umekorogewa unga, naye atakujibu hapana. Muulize tena kama umekorogewa unga ili uwe mzito, naye atajibu ndiyo, kidogo.

Dukani, kwenye zile rafu za juu za maduka makubwa ya mjini, utakuta biskuti zilizosafiri kutoka Ulaya zimeandikwa kwamba hazina gluteni. Zichukue, zigeuze, usome nyuma. Unga wa mchele. Unga wa mahindi. Wanga wa muhogo. Zirudishe mahali pake kwa adabu, utoke nje. Vyote vitatu umevipita vikiuzwa kwa gorogoro langoni.

Vinywaji havitaki maneno mengi. Chai ya Mungania au ya Kionyo kwa maziwa, sawa. Vinywaji vya unga vyenye kimea, acha. Kimea ni shayiri. Bia ya kawaida pia ni shayiri. Utaambiwa kuna bia ya mtama, na mtama wenyewe, ile aina ya gadam, ulilimwa na mtu unayemjua Tharaka. Usimwamini mtama kwa jina, uliza kama umechanganywa na kimea cha shayiri. Miraa na muguka havina gluteni. Nimeona ni haki kulisema hilo, kwa vile serikali za Pwani zimevitafutia makosa yote mengine.

Shuleni mtoto wako atakuwa wa pekee: atakayeipenda githeri. Wenzake watamwuzia zao. Tatizo lake ni kiamsha kinywa cha mkate, na ile siku wazazi wanapokuja na vikapu, familia zikatandika khanga kwenye nyasi na kila kikapu kikafunguliwa kikatoa kuku na chapati. Mwandikie mwalimu barua, mwandikie mpishi nyingine, na umfundishe mtoto kusema hapana kabla hajafundishwa kusema asante, baadaye atayapanga.

Kanisani tuende polepole. Meru na Embu ni nchi ya wamisionari, na kila kanisa lilikuja na mkate wake. Ukiwa Mkatoliki, ujue kwamba sheria ya Kanisa inataka hostia iwe ya ngano. Roma iliandika mwaka 2003 na ikarudia 2017 kwamba hostia isiyo na gluteni hata kidogo haifai kwa sakramenti. Lakini barua hizo hizo zinaruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana, na ile ya 2003 inakubali muumini apokee kikombe peke yake. Nenda kwa padri siku ya kazi, usimngoje mlangoni Jumapili. Mwombe kikombe cha pembeni, maana katika kile kikubwa humegewa kipande cha hostia. Atashangaa kwamba umesoma. Ukiwa Mmethodisti wa Kaaga, Mpresbiteri wa Chogoria au Mwanglikana wa Kigari, hakuna barua ya Roma inayokufunga. Zungumza na mchungaji, na uwe tayari kwa mzee wa kanisa atakayesimama kuuliza kama sasa tutaanza kukumbuka Karamu ya Bwana kwa viazi vitamu.

Kinachobaki ni siku ile utakapofaulu. Itakuja. Baada ya miaka ya kueleza, ya hadithi ya Mholanzi, ya viporo vilivyoliwa hadharani, shangazi ataamua kwamba maneno yako ni ya kweli, na akishaamua, hatashindwa na ugonjwa. Krismasi itafika na wanawake watakaa jikoni tangu asubuhi, mmoja akikanda, mmoja akisukuma, mmoja akigeuza, mpaka mrundo unazidi kimo cha sufuria. Wewe utatengewa sahani yako. Ndani yake kutakuwa na kitu cha rangi ya udongo, kilichopasuka pembeni, kinachovunjika ukikishika kwa mkono mmoja: chapati ya wimbi na unga wa ndizi, aliyoibuni yeye mwenyewe, akijaribu usiku wakati wengine wamelala. Wimbi halina gluteni, ndiyo maana halivutiki. Chukua kwa mikono miwili. Kula. Sifia bila haya, mwombe ya pili, mwambie wengine wasiiguse. Kisha, ukiwa bado unatafuna, kwa sauti ya kawaida kabisa, mwulize amesukumia kibao gani.

“Kile kile cha siku zote,” atakujibu, akikuongezea ya tatu.